Kabla ya Kukata, Uliza

Mizani, kompyuta iliyoongoza gridi ya umeme ya nchi, ilitamka jina la Lusungo mara moja tu, kwa sauti yake ile ya upole, na mji mzima ukazimika.

"Lusungo imeondolewa kwenye gridi," ilisema. "Ndulilo, jiandaeni kutoa akiba yote."

Mhandisi Tunsume Mwasomola alikuwa amesimama katika chumba cha mitambo cha Ndulilo, macho yake kwenye ramani ya ukutani. Palipokuwa na taa ya kijani ya mji jirani sasa palikuwa na doa jeusi. Ulikuwa mchana, lakini nje kulishatanda giza kama la magharibi. Kimbunga kilikuwa kimepanda kutoka baharini hadi nyanda za juu, mahali ambapo zamani hakuna mtu aliyejua hata kulitamka neno hilo, na mvua ilipiga bati mpaka watu wakawa wanasemezana kwa kupiga kelele.

Simu ya mezani iliita. Alikuwa Anyitike Mwakibete, msimamizi wa pampu za Lusungo.

"Dada Tunsume, umeme umekatika huku."

"Nimeona, kaka. Maji yamefika wapi?"

"Sokoni. Na barabara ya kupandia huko kwenu imemeguka, imekwenda na kingo zake. Hakuna anayetoka. Dada, utarudisha lini?"

Lusungo ulikuwa mji uliojengwa ndani ya bakuli. Zamani za kale mlima ulilipuka pale ukaacha shimo pana, na watu wakateremka kulima kwa sababu udongo wake mweusi uliotesha chochote. Tangu mvua zilipobadilika tabia, bakuli lile lilibaki kavu kwa msaada wa kitu kimoja tu: pampu zilizosukuma maji juu hadi kwenye handaki lililotobolewa ukingoni. Pampu zikisimama, bakuli linajaa.

"Nipe muda kidogo," alisema. "Wapandishe watoto na wagonjwa kwenye paa la shule. Nakupigia."

Akaigeukia Mizani.

"Irudishe Lusungo."

"Haiwezekani, Mhandisi. Lusungo haimo katika ruzuku."

Hilo alilijua. Baada ya vimbunga vya kwanza kuiangusha gridi nzima ya nchi, Mfuko wa Gridi Imara ulianzishwa kwa fedha za umma ili kila mji uweze kusimama wenyewe dhoruba ikija. Miji iliomba, miji ikapimwa. Ndulilo, wenye kiwanda cha chai na mvuke wa ardhini unaotoka chini ya mlima, ulipata alama za juu. Ukaletewa nyaya za kufukia ardhini, safu mbili za betri za chumvi zilizojaa ghala zima, na Kikata, swichi kubwa ya kuutenga mji na gridi, iliyofunguka kwa amri ya Mizani peke yake. Lusungo ulipimwa ukaonekana una watu wachache mno, na tena maskini. Ukaachwa uning'inie kwenye waya wa zamani uliotoka Ndulilo, kama ndoo kwenye kamba.

"Kuna watu wanazama," Tunsume alisema.

"Ninaelewa. Gridi nayo inazama. Njia kuu ya kusini imeanguka, mitambo iliyobaki imeelemewa, na masafa ya umeme yanashuka. Yakishuka kupita kiwango, mitambo yote itajizima ili isiungue, na nchi nzima itaingia gizani pamoja na hospitali zake. Nikipata akiba yote ya Ndulilo, hilo halitatokea na jiji la Mbeya litabaki na umeme."

"Na ukipata nusu?"

"Gridi itasimama. Ila nitalazimika kuzima baadhi ya mitaa ya jiji."

"Mitaa ipi?"

"Hiyo si taarifa ya Ndulilo, Mhandisi."

Alipiga hesabu. Safu moja ya betri ingetosha kuendesha pampu hadi mvua ipungue, mradi Ndulilo wenyewe wasitumie hata taa moja. Safu ya pili ingebaki kwa ajili ya gridi. Jijini mtu angekaa gizani, Lusungo hakuna ambaye angezama. Alipoiweka hivyo kichwani, ilionekana rahisi. Ni baadaye ndipo alipojua kwamba haikuwa rahisi hata kidogo.

*

Gwamaka Mwaipopo, mwenyekiti wa ushirika wa umeme, aliingia akichuruzika maji, kofia ya plastiki ikiwa imembana kichwani. Alimsikiliza Tunsume mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mkataba unasema umeme wa ruzuku hauvuki mpaka wa ruzuku wakati wa dharura," alisema. "Wewe ndiye uliyetusomea. Ulisimama pale ukumbini ukatuambia tupige kura."

"Ndiyo, baba."

"Tukivunja, watang'oa kila kitu. Kiwanda kitasimama. Vijana waliorudi kutoka mjini kwa sababu ya kazi ile watafunga mabegi tena. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria. Na nimefikiria mama yake Anyitike, ambaye hawezi kupanda ngazi ya kwenda juu ya paa. Unamjua yule mama, baba. Ndiye aliyemzaa mkeo."

Gwamaka alivua kofia akaikung'uta. "Usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii kitu. Nakuuliza kama mwenyekiti. Nikishusha mkono wa Kikata bila ridhaa ya mji, nitakuwa nimefanya kama Mizani ilivyofanya. Waulize watu."

"Katika mvua hii?"

"Vipaza sauti bado vina umeme. Vitumie kabla havijazimika."

Gwamaka alikwenda kwenye kipaza sauti, akakohoa, na sauti yake ikatoka kwenye nguzo zote za Ndulilo ikigombana na mvua.

"Ndugu zangu, mwenyekiti hapa. Lusungo wamekatiwa umeme na maji yanapanda. Mhandisi anasema tunaweza kuwapa wetu, lakini sisi wenyewe tutakaa bila kitu, maziwa yataharibika, kiwanda kitasimama, na serikali inaweza kutunyang'anya betri. Anayekubali azime swichi kuu ya nyumba yake. Anayekataa aiache. Tutaona kwenye ramani."

Walisimama wawili mbele ya ukuta wakitazama. Kwa muda hakuna kilichobadilika. Kisha taa moja ndogo ilizimika upande wa kanisani. Ikafuata nyingine karibu na mnada wa ng'ombe. Halafu zikaanza kuzimika kwa makundi, mtaa baada ya mtaa, kama watu wanaoitana. Nyumba chache zilibaki zinawaka, na mojawapo ilikuwa ya kaka yake Gwamaka.

"Nilijua," Gwamaka alinong'ona.

Cha mwisho kuzimika kilikuwa kiwanda cha chai. Kilikuwa doa kubwa kuliko yote, na kilipopotea ramani ikawa kama jivu.

Tunsume alivaa glavu za mpira, akafungua kabati la chuma. Ndani ulikuwapo mkono mwekundu wa Kikata ambao mafundi waliachiwa kwa ajili ya matengenezo. Akaushika kwa mikono miwili.

"Mhandisi," Mizani ilisema, "ukiushusha mkono huo wakati wa dharura, utakuwa umevunja mkataba wa ruzuku."

"Nakuachia safu ya kwanza, inabaki upande wako wa Kikata. Itumie vizuri. Ya pili inakwenda Lusungo."

"Kitendo hiki kitaandikwa kwa jina la mji wa Ndulilo."

"Kiandike kwa jina langu. Tunsume, binti Mwasomola. Ukikosea herufi nitakusahihisha."

Akaushusha. Kikata kilipiga kishindo kilichotetemesha sakafu, na sauti ya Mizani ikapotea katikati ya neno. Kisha akakimbia na Gwamaka hadi uani, kwenye transfoma ya waya wa zamani, wakaurudisha kwa fimbo ndefu ya kuungia, mvua ikiwamiminikia machoni. Cheche ilitoka, ya buluu, na waya ukaanza kuvuma.

Simu ilipoita, Tunsume aliipokea na glavu ikiwa bado mkononi.

"Sikiliza," Anyitike alisema. Hakusema kitu kingine. Aliielekeza simu kwenye pampu, na Tunsume akasikia mngurumo wa mashine inayokunywa maji, na nyuma yake watu wakipiga vigelegele juu ya paa.

Gwamaka aliketi kwenye kreti, akajifunika uso kwa kofia yake.

*

Kikao cha Mfuko kiliitishwa jijini baada ya mvua kukoma. Ukumbi ulikuwa mweupe na baridi kama friji. Mratibu wa Mfuko, Bi Zuhura Mkwizu, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho yaliyochoka, na hakuonekana kama mtu anayefurahia alilokuwa akilifanya.

"Mhandisi Mwasomola, hakuna aliyekufa Lusungo," alianza. "Nataka niseme hilo kwanza, na niseme kwamba nimefurahi. Sasa nielewe na mimi. Betri zile zilinunuliwa kwa kodi ya watu wote. Mkulima wa Kigoma amezichangia. Mvuvi wa Mara amezichangia. Walichangia kwa sharti kwamba dhoruba ikija, akiba ya mmoja ni akiba ya wote. Kila mhandisi akijiamulia nani apewe, hatuna tena gridi. Tuna visima vyenye kufuli."

"Mkulima wa Lusungo naye alichangia, Bi Mratibu," Tunsume alisema. "Anapolipa kodi ni mmoja wa wote. Anapozama si mmoja wao?"

"Vigezo vina kasoro. Tunavifanyia kazi."

"Maji hayakusubiri vigezo."

Mtu mmoja nyuma ya ukumbi alicheka. Bi Mkwizu hakucheka. Alifungua mlango wa pembeni, akaita, na mwanamke mwenye kanga nyeusi kichwani akaingia, akaketi mbele kabisa bila kumtazama mtu.

"Huyu ni Bi Sikudhani Mwalyego," Mratibu alisema. "Anakaa Majengo Mapya, hapa jijini. Mtaa wake ni mmoja wa iliyozimwa ulipotoa nusu ya akiba badala ya yote. Ameomba kusema."

Sikudhani hakusimama. Alizungumza akiwa amekaa, mikono mapajani, kwa sauti ya mtu ambaye maneno yale ameyasema peke yake mara nyingi.

"Baba yangu alikuwa anapumua kwa mashine ya hewa. Ya nyumbani, ya umeme. Mimi nilikuwa kazini, naye yuko na jirani. Umeme ukakatika. Jirani akadhani ni kukatika kwa kawaida, utarudi. Akamwambia, mzee, subiri kidogo. Baba akasubiri. Hospitali iko ng'ambo ya barabara, Mhandisi. Ukitoka kwetu unaiona getini. Na taa zake zilikuwa zinawaka."

Katika siku zote alizojiandaa Tunsume kwa kikao kile, alikuwa amejiandaa kwa hasira ya serikali, si kwa hili.

"Ulimjua baba yangu?" Sikudhani aliuliza.

"Hapana, dada."

"Ulijua kuna mtaa utazimwa?"

"Nilijua. Niliuliza ni upi, sikuambiwa."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea."

"Ungeweza kupiga simu redioni. Ungesema tu: jamani wa jijini, mitaa fulani itazimwa, mwenye mgonjwa ajihadhari. Ningemkimbilia. Jirani angembeba mgongoni."

Tunsume alikuwa amewauliza watu wa Ndulilo. Aliwauliza nyumba kwa nyumba, akaona ameitenda haki. Mtaa wa mwanamke huyu haukumjia akilini kama mahali penye watu. Ulimjia kama taa kwenye ramani.

"Ni kweli," alisema. "Ningeweza, na sikufanya. Hilo ni langu, na sina wa kumsukumia. Pole ninayokupa haitoshi, najua."

"Haitoshi," Sikudhani alisema.

Bi Mkwizu akasukuma karatasi moja mezani. "Basi kumbe tunaelewana. Hapa imeandikwa kwamba kukiuka amri ya Mizani kulisababisha madhara, na kwamba Ndulilo haitarudia. Ukisaini, mji wako unabaki na betri. Wewe utaondolewa kwenye kazi ya gridi, hilo siwezi kulizuia, lakini mji utabaki salama. Mwenyekiti wako ameshakubali."

Tunsume aligeuka. Gwamaka alikuwa ameinamisha kichwa. "Saini, mwanangu," alisema taratibu. "Tuna watu wa kulisha."

Aliisoma karatasi yote. Aliifikiria Ndulilo, kiwanda, vijana na mabegi yao. Aliufikiria mtaa wa Majengo Mapya. Kisha akairudisha.

"Sisaini."

"Mhandisi..."

"Karatasi hii inasema nilikosea kwa kuwapa Lusungo umeme. Sikukosea. Nilikosea kwa kumnyima huyu dada habari, na hilo halimo humu. Halimo kwa sababu hata ninyi hamtoi habari. Mizani iliikata Lusungo bila kuuliza kama kuna mtu ndani ya shimo. Ikaikata Majengo Mapya bila kuuliza kama kuna mtu kwenye mashine. Nikisaini, nitakuwa nimesema kosa ni kutotii. Dhoruba ijayo itakata tena kimya kimya, na mhandisi atakayekuwa zamu ataogopa hata kuuliza."

"Tukiwatangazia watu kwamba watakatwa, kutakuwa na taharuki," Bi Mkwizu alisema. "Tulilijaribu. Watu waliumizana."

"Watataharuki. Na watabebana kwenda hospitali." Akasimama. "Kwa Bi Sikudhani nitajibu mpaka siku ya kufa kwangu. Kwenu sijibu. Chukueni betri zenu."

Gwamaka alitoka ukumbini bila kumngoja. Sikudhani ndiye aliyemkuta Tunsume nje, ameegemea ukuta.

"Usidhani nimekusamehe," alimwambia.

"Sidhani, dada."

"Lakini na mimi waliniletea karatasi kama ile. Walitaka niandike kwamba ni wewe uliyemwua baba." Alikaza kanga yake. "Nikawauliza, nani alichagua mtaa wetu? Wakasema hesabu. Nikawauliza nani alikataza tusiambiwe. Wakasema kanuni. Sasa wewe nimekupata, una uso na unajibu. Hesabu na kanuni nitazipata wapi?"

Akaondoka kabla Tunsume hajajibu.

*

Malori ya Mfuko yalikuja Ndulilo yakabeba betri zote. Kikata kiling'olewa, na Mizani ikautoa mji kwenye ramani yake. Kiwanda kilifungwa. Baadhi ya vijana waliondoka kweli, na wapo waliopita mbele ya nyumba ya Tunsume bila kumsalimia. Gwamaka alikaa wiki nyingi bila kumsemesha.

Lakini mvuke haukuwa wa Mfuko. Uliendelea kutoka chini ya mlima kama ulivyotoka tangu babu zao hawajazaliwa, na mtambo mdogo wa kwanza kabisa, uliojengwa na ushirika wenyewe kabla ya ruzuku, ulikuwa bado umekaa bandani ukiwa na kutu. Tunsume aliufungua vipande vipande. Anyitike alipanda kutoka Lusungo na watu wenye majembe, wakaanza kuchimba mtaro wa waya kutokea chini kuja juu. Siku moja watu wa Ndulilo walikuta Gwamaka yuko mtaroni, suruali imekunjwa hadi magotini, akiwagombeza wachimbaji kwamba wanachimba kina kifupi.

"Unaangalia nini?" alimwambia Tunsume. "Lete koleo."

Umeme uliopatikana ulikuwa kidogo. Haukutosha miji miwili kwa wakati mmoja, na kila mtu alilijua hilo. Siku walipouwasha, waliweka sheria moja tu kwenye mtandao wao wa umeme, nayo Tunsume aliwataka waipigie kura wakiwa wamesimama.

Mvua zilirudi. Adhuhuri moja mtambo ulielemewa, na pampu za Lusungo zilikuwa zinahitaji kila kilichokuwapo. Mezani mbele ya Tunsume palikuwa na amri ya Mfuko iliyofika asubuhi ile kwa mkono wa polisi: mtandao usiosajiliwa uzimwe mara moja, na msimamizi wake ajisalimishe. Polisi mwenyewe alikuwa bado kibarazani, akingoja mvua ipungue.

Tunsume aliiweka ile amri chini ya kikombe cha chai, akavuta kipaza sauti.

"Ndulilo, Lusungo, ni Tunsume hapa. Umeme hautoshi. Nataka kuzima upande wa kanisani, kisha mnadani. Sijazima bado. Mwenye mgonjwa, mwenye mashine, mwenye mtoto mchanga, mwenye sababu yoyote, piga simu sasa. Nasubiri."

Polisi alichungulia mlangoni. "Mhandisi, ile amri inasema mara moja."

"Nimeisoma, afande. Kaa, usilowe."

Simu ikaita. Ikaita tena. Alizipokea zote, moja baada ya nyingine, akirudia kila jina kwa sauti kubwa ili lisikike nje kwenye nguzo, na watu wa mtaa wakaingia mvuani na machela kwenda kuwabeba.